Fundi Kipimo Apigana na Gurudumu

Jongeeni, enyi waungwana, nanyi pia msio na shughuli! Tegeni masikio niwasimulie habari za Fundi Kipimo, simba wa cherehani, bwana wa futi na mkasi, aliyewapima watu wa mji mzima viuno vyao na asikosee. Na jinsi gurudumu la baiskeli lilivyotaka kulimeza jina lake.

Shujaa huyu alikuwa amefunga kwenye usukani wa baiskeli yake kikompyuta cha kuhesabu mwendo, na kipimo cha gurudumu akakiingiza kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili akatoka na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye kikompyuta kama hicho. Wakaenda bega kwa bega hadi darajani na kurudi. Kumbe cha Fundi kikadai kimekwenda mbali zaidi!

"Shemeji, barabara ni moja," akacheka shemeji. "Umepima vibaya wewe."

Lo! Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano. Nani tena angempelekea kitambaa fundi aliyeshindwa kupima tairi? Hata alipofika nyumbani akaisimamisha baiskeli sebuleni, akavuta futi shingoni kama mtu achomoaye upanga, akanguruma: "Ewe duara usiye na mwanzo wala mwisho! Leo ni mimi ama wewe!"

"Punguza sauti," akasema mkewe kutoka jikoni. "Majirani watadhani unagombana na mimi."

Akaja, akamshikia ncha ya futi. Fundi akaizungusha kwenye tairi, akasoma namba, kisha akanong'ona kwa mazoea ya miaka: "Na vidole viwili."

"Vidole viwili vya nini?"

"Vya kuachia mshono."

Mkewe akaiachia ncha ya futi.

"Kwani unashona tairi, mume wangu?"

Simba wa cherehani akaketi sakafuni, akajicheka hadi machozi. Kisha akavivaa vita vya mwisho, vya kidole gumba kinene na kitufe cha kikompyuta, kidogo kuliko kifungo cha shati. Maana namba zilimetameta kidogo tu, na ukichelewa zinarudi zilikotoka. Alirudishwa nyuma si haba, akamtukana mtengenezaji na ukoo wake, hata namba ya haki ikatulia.

Jumapili iliyofuata wakaenda tena hadi darajani na kurudi. Vikompyuta vikasema neno moja. Fundi, mwenye haya lakini mkweli, akasimama kama mbele ya majeshi: "Shemeji, nakiri! Niliongeza vidole viwili vya mshono!"

Shemeji akacheka nusura aanguke. Halafu akaitazama suruali yake, aliyoshonewa na Fundi kabla hajaota kitambi.

"Ndiyo maana haijawahi kunibana," akasema. "Shemeji, tairi lirekebishe utakavyo. Suruali zangu usiziguse."

Basi na wajao waambiwe: siku hiyo gurudumu lilipata haki yake, na tumbo likaachiwa yake.