Kunde Zilizoniaibisha Mbele ya Mkwe

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima hapo ofisini. Mimi si mzima sana. Ni mwalimu wa kemia hapa Kwamndolwa, Korogwe, na naomba nafasi gazetini nizishitaki kunde.

Siku ya wazazi shuleni kwetu niliahidi, tena kwa kipaza sauti, kwamba nitaiharibu protini ya kunde kwa urea, hii hii ya kukuzia mahindi, na itaganda kama yai kwenye kikaango. Mstari wa mbele aliketi Mzee Isihaka wa Kwamsisi. Nimemposa binti yake, Maryamu, na jibu lilikuwa bado. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitia urea kwenye maji ya unga wa kunde, nikakoroga. Badala ya kuganda, yale maji meupe yakaanza kuwa maangavu.

2. Nikaongeza urea, nikaongeza tena, nikidhani wingi utazitisha. Kidole changu kikaonekana upande wa pili wa chupa.

3. Chupa ikawa baridi, maana urea ikiyeyuka hunyonya joto. Mzee Kiseyian, mzazi mfugaji, akaomba kwa heshima zote nimpoozee maji yake ya kunywa. Watu walipiga makofi, nami nikainama kushukuru.

4. Hapo Mzee Isihaka akasimama, akavaa kofia yake, akasema: "Aliyeshindwa na kunde, mke atamuweza?" Maryamu alitazama chini. Iliniuma, Mhariri, na bado inaniuma.

Kwa hiyo naomba kunde ziondolewe kwenye mtaala, zipigwe marufuku katika harusi zote za Korogwe na Handeni, na protini yake iniombe radhi kwa maandishi. Kama haijui kuandika, nitakubali dole gumba.

Wasalimie wote hapo, hata yule anayefupisha barua za wasomaji.

Wako katika aibu,
Mwalimu Mustafa

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, niliosha ile chupa. Maji yalipozidi, mabonge meupe yakajaa. Chupa nyingine ya kunde, isiyotiwa urea, niliimwagia maji kiasi kile kile, haikufanya kitu. Kumbe protini ilikuwa imeshaharibika, yaani imekunjuka mbele ya watu wote kama kanga iliyotandazwa, ila urea yenyewe iliizuia isigandamane mpaka maji yalipoipunguza nguvu. Kunde zilitii, aliyeahidi mabonge ni mimi. Basi barua usiichape, Mzee Isihaka husoma gazeti lako. Nilimpelekea ile chupa kwa pikipiki, kupitia Segera. Aliitazama sana, kisha akasema nirudi Ijumaa na wazee wangu, chupa niiache nyumbani.