Mahameli Haipigwi Pasi

Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba wataalamu wamegundua mwanamume anayesaidia kazi za nyumbani anaishi miaka mingi kuliko mwenzake anayekaa tu. Kijiwe cha kahawa kikawaka kabla hata vikombe havijajaa.

"Wataalamu gani hao?" alifoka Kipaza, kinyozi ambaye sauti yake humtangulia mtaa mzima. "Wameoa wapi? Mimi nikishika ufagio, mke wangu anaita majirani waje washangae!"

"Wewe ukishika ufagio tunakupeleka hospitali," akasema Breki, dereva mstaafu ambaye siku hizi haendeshi chochote isipokuwa maneno.

Mstari hakucheka. Alikuwa fundi pikipiki, na jina hilo alilipata kwa sababu hata ovaroli yake ya gereji ilikuwa na mstari wa pasi, mbele na nyuma. Ananyoosha leso, soksi, mpaka matambara ya kufutia oili. Leo pasi ilikuwa imemponza. Tangu aketi mkono ulikuwa mfukoni na roho juu juu.

"Mstari, mbona kimya kama umemeza spana?" Kipaza akamuuliza.

"Mimi nimesaidia kazi za nyumbani," akasema, "na sidhani kama nitaiona jioni."

Akaangalia huku na huku, akatoa sidiria ya mahameli, nyekundu ya kuiva, maua yamechomoza juu ya kitambaa chembamba cha wavu. Yaani yalikuwa yamechomoza. Sasa yalikuwa yamelala chali, yanang'aa, na ncha ya pasi imejichora katikati kabisa.

"Loo!" Kipaza akaipokea kwa vidole viwili. "Yamepitiwa na trekta?"

Breki akavaa miwani, akapapasa ukingoni ambako pasi haikufika. "Shemeji ana macho, jamani. Ukipapasa huku kitambaa kinang'aa, ukirudisha kinaingia giza. Kama viti vya gari langu la zamani."

"Usifananishe nguo ya shemeji na kiti cha gari!"

"Viti vyangu viliheshimiwa, bwana!"

Mama Birika, mwenye kahawa yake, akatikisa kichwa. "Mahameli ina vinyweleo, na hivyo ndivyo vinavyofanya hayo maua. Unaifua kwa mkono, maji baridi, husugui, hukamui, unaanika kivulini. Pasi hata isiione."

"Masharti yote hayo, inavaliwa lini?" Kipaza akauliza.

"Inavaliwa ndani ya nguo nzito. Ukiweka gauni jepesi juu yake, kila ua linasomeka kwa nje."

"Kwa hiyo haionekani? Sasa maua ya nini?"

"Ya mwenyewe! Kila kizuri lazima ukione wewe?"

Breki akampiga Mstari begani. "Mwambie tu mkeo ukweli. Atacheka."

Mstari akainamisha uso. "Si ya mke wangu."

Kikombe cha Breki kikasimama hewani.

"Una nyumba ndogo, Mstari?"

"Bora ingekuwa hivyo. Ni ya mama mkwe."

Kipaza aliiachia kama kaa la moto, Mama Birika akaidaka. Breki akajifuta mikono kwenye suruali, kisha akaiangalia suruali na kujuta.

"Nguo zote zilikuwa beseni moja," Mstari akajitetea. "Nimesikia redio, nikapata moto, nikanyoosha zote bila kuangalia. Na mama alikuja kututembelea tu, anasafiri leo! Jamani, ukoo mzima ulisema fundi hafai, yeye peke yake akanitetea. Mpaka leo tukipishana mlangoni, kila mtu anaangalia ukuta kwa heshima. Sasa nitamwambia nini?"

Alikuwa anataka kulia kabisa.

"Acha kelele," Mama Birika akasema. "Kipaza, lete brashi laini. Mpya, si ya shingo za watu."

Akaigeuza sidiria nje ndani, akaiweka juu ya mdomo wa birika, mbali kidogo, mvuke upenye kutoka nyuma. Mstari akashika kamba moja, Breki nyingine.

"Nashika ila siangalii," Breki akatangaza, macho ameyafumba.

Wakaigeuza, Mama Birika akapitisha brashi polepole. Vinyweleo vikaanza kuinuka, ua la kwanza, la pili.

"Mwanangu, nimekuja kukuaga."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao na begi lake.

"Shikamoo, mama!" kijiwe kizima kikasema, hata Breki ambaye pengine alimzidi umri.

Mstari alitamani ardhi ipasuke. "Mama, pasi... mimi sikuangalia... nisamehe, mama."

Mama mkwe akaweka begi chini. Akaichukua sidiria, akaielekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole huku, akakirudisha kule.

"Nilidhani nimeibiwa," akasema. "Hii nilijinunulia mwenyewe nilipotimiza miaka sitini. Marehemu baba mkwe wako hakuwahi kuninyooshea hata kitambaa cha kichwa."

Akamrudishia mkononi.

"Upande wa kushoto umeamka. Wa kulia bado umelala. Malizia, gari langu halingoji."

Akavuta stuli, akaagiza kahawa. Mstari akainamia birika, uso umeanza kufunguka.

"Naweza kufumbua macho?" Breki akauliza, kamba bado mkononi.

"Fumbua, mzee mwenzangu," mama mkwe akasema huku akipuliza kikombe chake. "Hiyo ni nguo tu. Mimi mwenyewe nimekaa hapa."