Pijo Langu na Viti vya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zimebaki siku kumi na mbili. Precious, binti yangu, anaolewa Jumamosi ya tarehe 26. Pijo halina paa, halina madigadi, halina viti, halina injini. Paa na madigadi nimeyatoa mwenyewe kwa makusudi. Viti vililiwa na panya. Injini sijawahi kuiona.

Nililinunua mwaka 2007, pikapu la mwaka 1966, bodi tupu walimokuwa wanataga kuku wa watu. Precious alikuwa na miaka saba. Nikampandisha juu yake, nikamwambia siku ya harusi nitampeleka kanisani kwa gari hili. Watoto husahau ahadi. Huyu hakusahau. Jana amepiga simu kutoka Mwanza kuuliza kama atafute gari lingine. Nimemwambia limekaribia. Nimekuwa nikisema limekaribia kwa miaka kumi na minane.

Lakini sasa nina mpango. Nimeona kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyofanya. Wanachukua gari kuukuu, wanakata paa, wanavua madigadi, injini inaachwa nje watu waione. Wanayaita hotirodi. Kwa hiyo gari bovu tayari ni nusu hotirodi. Nimebakiza nusu nyingine.

Nyamizi, mke wangu, hajafurahi. Pijo linakaa ndani ya zizi letu. Mwezi uliopita wakwe wa Mwandoya walileta ng'ombe kumi na wawili wa mahari, ikabidi wakalale kwa jirani yetu Mayige, katika kundi lake, kwa sababu kwetu hakuna nafasi. Nyamizi anasema yeye ndiye mama pekee hapa Bariadi aliyepokea mahari akakosa pa kuifunga.

Jumatano, 16 Julai

Injini imepatikana! Imetoka kwenye Noah iliyopata ajali. Mabula, fundi wangu wa kuchomelea, aliipima kwa macho akasema itaingia.

Haikuingia. Tumekata boneti. Haikuingia. Tumekata zaidi. Sasa imeingia, ila imechomoza juu kiasi kwamba dereva anaona injini na mbingu, barabara haoni. Mabula aliuliza kama atengeneze kifuniko. Nikamweleza kwamba huo ndio mtindo. Akasema haya mzee. Mabula husema haya kwa kila kitu. Ndiyo maana nampenda.

Sadick amevuka barabara kuja kuangalia. Huyu ana duka la spea na sponji mkabala na kwetu, na ana Alphard nyeupe inayooshwa kila siku, hata siku ambayo sisi hatuna maji ya kunywa. Akasema jirani, gari langu lipo kwa ajili ya bibi harusi, sitaki chochote. Hakika ni dharau. Mtu akikudharau kwa upole huna hata pa kumshika. Nikamjibu kwamba bibi harusi ana gari. Akalitazama gari. Akasema inshallah.

Ijumaa, 18 Julai

Injini imewaka. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Hatuna egzosi, kwa hiyo sauti yote inatoka, hakuna inayobaki ndani. Ng'ombe wa Mayige walikimbilia shamba la watu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mbio amevaa kandambili za mkewe. Nilitaka kuizima, nikakumbuka sijaweka swichi ya kuzimia. Mabula akang'oa waya mmoja, akapigwa shoti, ikazima. Sasa tunajua waya ni upi.

Mchana nimepaka rangi nyekundu kwa brashi. Kabla haijakauka jogoo wa Nyamizi alipita juu ya mlango. Nimeziacha zile nyayo. Zinaonekana kama pambo mtu akisimama mbali.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya viti.

Nyamizi, baada ya misa, alinishauri ninunue sponji dukani kwa Sadick. Binti yangu akalie sponji ya Sadick! Mimi ni karani wa kupima pamba. Miaka thelathini nimesimama kwenye mizani. Nikishika pamba gizani najua daraja lake na imetoka shamba gani. Ndani nina magunia mawili ya pamba yetu wenyewe, daraja la kwanza, nyeupe haina hata jani. Nikasema mtu wa pamba hakalii sponji.

Mabula aliuliza kama tutoe mbegu kwanza. Nikamweleza kwamba mbegu ndizo zinazokipa kiti ugumu, bila mbegu mtu atazama. Haya mzee, akasema. Tumejaza fremu mbili za chuma mpaka zikavimba, tukavalisha kitambaa cha kochi chenye maua, nikashona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Nimejichoma vidole vinne. Nimekalia. Nilitaka kulala palepale.

Jumanne, 22 Julai

Jambo la kugusa moyo. Ndama wa Mayige amekuja mpaka kwenye Pijo, akaweka pua juu ya kiti kimoja na kusimama hapo kitambo kirefu. Akakilamba taratibu. Sijamfukuza. Hata mnyama anajua kitu kizuri.

Baadaye akaja yule jike mwekundu wa pembe moja, ambaye ni kiongozi wa wale kumi na wawili wa mahari. Alinyoosha shingo juu ya uzio akawa anapumua kwa nguvu. Mayige alikuja kumchukua, akaomba radhi. Alisema ng'ombe wana njaa, malisho yamekauka yote, alikuwa anawapa mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, lakini kiwandani yamekwisha tangu wiki iliyopita. Nikampa pole. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wanatazama tu.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Alimtazama yule jike, akakitazama kiti, akanitazama mimi. Nikamuuliza kuna nini. Alisema amenishauri miaka ishirini na nane na sasa ana mchele wa kuchambua.

Ijumaa, 25 Julai

Precious amefika nyumbani. Nilimfunika macho, nikamvuta mpaka zizini, nikamfunua. Akagusa zile nyayo za jogoo. Akaketi kwenye kiti chake, akajaribu kuruka ruka kama alivyofanya akiwa na miaka saba, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli litafika. Nikamwambia litafika, mayu, mama yangu. Nilisema hivyo huku nimeshika mlango kwa sababu ulikuwa unataka kudondoka.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nimeshindwa mambo mengi mbele ya mtoto huyu: ufugaji wa samaki, mashine ya kukoboa, ile safari ya Mkula tuliyosukuma baiskeli kwenda na kurudi. Hili moja nataka liwe.

Sadick amesema atafuata nyuma na Alphard yake, ikiwa tupu, kwa dharura tu. Nimekataa. Nyamizi amekubali, kimya kimya, jikoni. Nimewasikia.

Jumapili, 27 Julai

Jana sikuandika. Sikuwa na uwezo.

Pijo liliwaka mara ya kwanza. Nayaandika haya kwa herufi kubwa moyoni. Saa tatu asubuhi, mimi na suti yangu, Precious kando yangu na gauni lake, Nyamizi na mashangazi wametangulia, Alphard nyuma inanipumulia. Watu wakatoka madukani. Nilikuwa natazama barabara kwa kuinamisha kichwa nje ya mlango, lakini nilikuwa natabasamu.

Karibu na kisima tukakutana na kundi la Mayige linatoka kunywa maji. Ng'ombe wakiwa barabarani gari linasimama, hilo halina mjadala. Nikasimama.

Ndama alikuja kwanza, kama mtu aliyeonana na rafiki. Yule jike wa pembe moja akamfuata. Hakulamba. Alichoma kiti kwa ile pembe yake moja, akavuta, kitambaa cha maua kikachanika kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pamba ikamwagika. Kisha sikuona tena barabara wala mbingu, niliona pua. Gari lisilo na paa ni hori tu lenye magurudumu. Precious alisimama juu ya kiti ameshika gauni kwa mikono miwili, na kiti kikawa kinapungua chini yake.

Mayige alikuja na fimbo yake. Akapaza sauti kwamba mzee, hizi zina mbegu, hawa wanaona ni mashudu. Kana kwamba mimi sijui! Miaka thelathini nimepima pamba ambayo mbegu zake wanalishwa ng'ombe. Nilijua. Nilijua siku zote, ila sikuwahi kujua nikiwa nimeshika sindano.

Sadick akafika. Hakucheka, na kwa hilo sitamsamehe upesi. Alifungua mlango wa Alphard, akamwonesha Precious. Baridi ya ndani ilinifikia mpaka mimi. Nikamwambia binti yangu aende. Precious akasema hapana, baba ameahidi.

Basi Sadick akachukua mito miwili ya sponji kutoka kwenye gari lake, akatupangia juu ya vyuma. Nikaendesha nimekalia sponji ya Sadick. Ni laini. Sitalisema hilo kwa mtu.

Kumbe pamba iliyobaki ilikuwa inadondoka nyuma yetu kidogo kidogo njia nzima. Kwa kelele za injini sikusikia kitu. Niliona watu wa pembeni wanapiga makofi na kunyoosha vidole, nikawapungia mkono.

Wakwe walikuwa wamejipanga nje ya kanisa. Mbele yao Mzee Thomasi, baba mkubwa wa bwana harusi, ambaye mwezi uliopita aliwaleta ng'ombe wa mahari kwa mkono wake. Nilizima injini, yaani niling'oa waya. Nikashuka nimtolee Precious mkono. Hakuna aliyetutazama. Wote walikuwa wanatazama nyuma yetu.

Nikageuka. Jike mwekundu wa pembe moja. Nyuma yake wale kumi na mmoja. Wa Mayige wengine walikuwa wameridhika wakabaki kisimani. Hawa wa mahari hawakubakiza hata mmoja.

Kwetu mahari ikirudishwa, ndoa imekufa. Na mimi nilikuwa nimeirudisha yote, mlangoni mwa kanisa, bibi harusi akiwa amevaa. Mama wa bwana harusi akaanza kulia. Marcelo, bwana harusi, kijana mpole, akakaa chini kwenye ngazi na suti yake mpya. Mzee Thomasi akavua kofia. Alianza kuzungumza kwa Kisukuma, Kisukuma kile cha vikao, nikajua mambo yameharibika. Aliuliza kijana wao amekosa nini, na kama amekosa, kwa nini asiambiwe nyumbani kwao badala ya kuaibishwa mbele ya padre.

Nikasema hawa ng'ombe hawarudishwi, wanafuata viti.

Hakuna aliyeniamini. Mimi mwenyewe nilipojisikia nikaona ni uongo. Nikamtazama Precious. Uso wake chini ya ile shela ulikuwa umeganda, na yule mtoto wa miaka saba alikuwa ndani yake, anangoja kuona kama baba atashindwa tena.

Nikang'oa konzi mbili za pamba kwenye fremu. Nikapita mbele ya yule jike. Akanifuata. Nikakata kushoto, akakata kushoto, na wote kumi na mmoja nyuma yake. Nimezunguka kanisa zima, suti na tai, mikono nimeinyoosha mbele, ng'ombe kumi na wawili kwenye mstari, koo mbili zinatazama na kwaya imetoka nje na vitabu vyake. Nilipomaliza mzunguko Mzee Thomasi alikuwa amejishikilia kwenye nguzo. Nilidhani ana shida ya moyo. Alikuwa anacheka, na hawezi kupumua. Kisha padre. Kisha Marcelo akainuka.

Wamefunga ndoa. Mlangoni, Precious aliponishika mkono, alinong'ona kwamba nimemfikisha. Nimelia mbele ya kwaya yote. Kwenye sherehe Mzee Thomasi alitoa hotuba yake akaniita Mkwe wa Viti, na watu wa Mwandoya sasa hawajui jina langu jingine.

Naandika haya yote kwa kirefu ili siku nyingine nisiwe mjinga namna hii.

Jumanne, 29 Julai

Jumapili ijayo mimi na Nyamizi tunakwenda Mwandoya kuwasalimu wakwe. Tutakwenda kwa Pijo, watu wameomba kuliona.

Nimekaa asubuhi yote nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, bila kujionea huruma. Kosa ni mbegu. Sadick ameleta sponji, bure kabisa, ya kutosha viti viwili. Nimemshukuru. Nyamizi ameiweka chini ya godoro, nami sikubishana, maana sina shida nayo. Nimepata kitu bora zaidi: majani makavu ya mpunga. Ni laini na mepesi, nayo hayana mbegu hata moja. Nimeyakagua kwa mikono yangu. Mabula aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia safari hii nimefikiri kwanza. Haya mzee, akasema.

Tumemaliza kujaza kiti cha dereva. Ndama wa Mayige amesimama kwenye uzio tangu saa nne, haondoki, anatafuna jani moja lililodondoka na kunitazama kwa unyenyekevu mkubwa. Nadhani amekuja kuomba radhi.