Indiketa ya Kushoto, Kona ya Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimemgundua mwizi! Si mwizi wa mali. Mwizi wa njia.

Wiki nzima nimejiuliza inakuwaje kila nikifika kwa mteja wa pili, Kicheko naye anatokea na kibegi chake. Kicheko ni fundi wa vyerehani kama mimi. Amehamia huku mwezi uliopita. Jina lake halisi silijui wala silitaki. Namwita Kicheko kwa sababu hajui kununa. Leo nimetazama kwenye kioo cha baiskeli yangu ya umeme. Huyo hapo nyuma, juu ya baiskeli ya umeme kama yangu, ananipungia mkono! Na mimi kabla ya kila kona nawasha indiketa kama raia mwema. Yaani mimi mwenyewe ndiye ninayemwambia kuwa sasa nakwenda kushoto, karibu sana. Upumbavu mtupu.

Wiki hii si ya mchezo. Mama wa Sare, mwenye kiwanda cha sare za shule, anatafuta fundi mmoja wa kutunza vyerehani vyake arobaini. Ijumaa atakuja kuikagua karakana yangu. Nikipata kazi hiyo, nimetoka. Nikikosa, mke wangu ameshakata shauri kwamba nitakwenda kufanya kazi kwa kaka yake, kwenye banda la kuku mia sita. Naogopa kuku. Sioni aibu kuandika hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Dawa nimeipata. Kuanzia kesho indiketa itasema kushoto, mimi nitakwenda kulia. Mke wangu ameuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia ni mambo ya kikazi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ushindi! Saa nne asubuhi, kwenye makutano ya duka la rangi. Kicheko nyuma kama kawaida. Nikawasha indiketa ya kushoto. Nikaiacha ipepese kwa raha zake. Halafu nikala kona ya kulia. Kicheko akaingia kushoto bila wasiwasi, kwenye kichochoro kinachoishia ukutani. Nimeimba njia nzima. Nimefanya kazi kwa wateja watatu bila kuona uso wake.

Jioni, tarehe ileile

Kicheko amepita karakanani. Nilidhani amekuja kugomba. Amekuja kunishukuru! Anasema nyuma ya ule ukuta kuna kiwanda cha magodoro, kina mlango mdogo pembeni, na leo vyerehani sita vya kushonea foronya vilikuwa vimegoma. Walikuwa wamekaa wanaomba Mungu alete fundi. Sasa wamempa kazi ya kudumu, na chumba palepale kichochoroni awe anafanyia kazi. Ameniambia hajawahi kuona mtu mwenye roho nzuri kama mimi, anayemwonyesha mgeni riziki ilipo. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sijala vizuri.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimejipanga upya. Kosa la jana lilikuwa kumpeleka mahali penye watu. Leo nimempeleka penye takataka. Indiketa ya kulia, kuelekea uwanja wa magari mabovu. Mimi huyo kushoto, mbio.

Filimbi! Askari wa barabarani, mama mnene mwenye glavu nyeupe. Akataka kujua kwa nini nimeonyesha kulia nikaenda kushoto. Nilimweleza kwa kirefu kwamba ni siri ya biashara. Akasema lori lililokuwa nyuma yangu nalo lina siri zake, na moja ya siri hizo ni kwamba breki zake si nzuri. Akanisimamisha kando ya barabara, akaniamuru nionyeshe kwa mkono kila anachotaja. Akisema kushoto, nikanyoosha wa kulia. Akisema kulia, nikanyoosha wa kushoto. Mkono umeshazoea! Wauza magazeti walikusanyika. Mmoja alipendekeza nifungwe uzi kwenye kidole. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ameniachia baada ya kupata kumi mfululizo bila kosa.

Na Kicheko? Kule kwenye magari mabovu amekutana na mafundi wa maturubai. Cherehani chao kikubwa kilikuwa kinakata uzi tangu mwezi uliopita. Amekitengeneza. Wamempa kibarua kila wiki. Ameniletea paketi ya sindano kama zawadi. Sindano nzuri, siwezi kukataa.

Huyu mtu ana nyota gani?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewaza sana wakati wa kunyoa. Upande wowote nikimwonyesha, anapata. Basi nisimwonyeshe upande! Nikawasha taa zote mbili kwa pamoja. Kushoto na kulia, tik tik tik, akili zimruke.

Hazikumruka. Alidhani nimeharibikiwa. Akanifuata kwa kasi hadi mlangoni kwa mshonaji wa mapazia, mteja wangu wa miaka mitano, akaingia anahema, anauliza kama niko salama. Mshonaji akauliza huyu muungwana ni nani. Nikasema ni mpita njia. Kicheko akasema yeye ni fundi, mwanafunzi wangu. Mwanafunzi wangu! Akainama, akasikiliza cherehani kikilia kak, kak, kak, sauti ambayo nimeitafuta mara tatu nikaambulia patupu. Akakaza skrubu moja. Kimya. Mshonaji akampa kiti. Mimi nilibaki nimesimama na bisibisi yangu.

Mke wangu amesema niache indiketa ifanye kazi yake, nami nifanye yangu. Ameongeza kuwa kaka yake ameshaninunulia viatu vya mpira vya bandani, namba arobaini na mbili. Mimi navaa arobaini na moja.

Kesho ndiyo kesho.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi karakana ilikuwa inang'aa. Bobini za uzi kwenye makopo yake, mikanda ya vyerehani imetundikwa kwa urefu, sakafu imepigwa deki mara mbili. Shati langu la bluu limepigwa pasi na mke wangu mwenyewe, ambaye alinitazama pale mlangoni, akanirekebisha kola na kusema anajua nitaweza. Alisema kwa upole kabisa. Nilitoka nikiwa na moyo mkubwa.

Mama wa Sare alikuwa tayari nje ya kiwanda chake, kwenye gari dogo, pamoja na wasimamizi wake wawili. Alisema haijui njia, kwa hiyo angenifuata. Nikasema, mama, wewe fuata tu baiskeli. Tukaondoka. Nilikwenda kwa heshima, mgongo umenyooka. Kwenye kioo naona gari lake, na uso wake umetulia.

Tukakaribia makutano ya duka la rangi. Karakana yangu iko kulia. Nikatazama tena kiooni. Nyuma ya gari, baiskeli ya umeme! Kofia ya chuma ya njano, kama ya Kicheko! Damu ikanipanda. Leo? Hata leo? Sikufikiri. Kidole chenyewe kilikwenda. Indiketa ya kushoto, tik tik tik, nami nikala kona ya kulia kwa mwendo wa ajabu.

Nikafika. Nikafungua mlango. Nikasimama pembeni, mkono kifuani, tabasamu tayari. Nikasubiri. Nikafuta vumbi ambalo halikuwepo. Nikasubiri tena. Baiskeli ya kofia ya njano ikapita. Haikuwa Kicheko. Alikuwa mama mmoja mpeleka barua, akaniuliza kama namjua mwenye nyumba namba kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Gari lilikuwa limeingia kushoto. Ndiyo, kwani lingeingia wapi?

Simu ikaita baada ya nusu saa. Mama wa Sare alikuwa mtulivu. Alisema indiketa yangu imewafikisha kwenye kichochoro chenye ukuta, mbele ya karakana safi sana, na fundi aliyekuwa ndani, mtu mcheshi, aliwapa viti. Walidhani ni msaidizi wangu. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba hapana, yangu iko upande wa pili, na alikuwa ameshavaa kofia ili awasindikize kwangu. Lakini wakati huo Mama wa Sare alikuwa ameshaziona kazi zake za magodoro na maturubai. Akasema pole, ila yeye hawezi kumkabidhi vyerehani arobaini mtu asiyejua kushoto kwake, na kazi ameshampa huyo fundi.

Nilitaka kumweleza ni siri ya biashara. Nikakumbuka askari, nikamshukuru kwa simu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alitazama uso wangu tu. Alikwenda kukata kipande cha godoro cha kuweka ndani ya vile viatu visinipwaye. Nimelia kidogo chooni. Bomba nililifungulia kabisa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kicheko amekuja mapema. Amekaa kwenye kiti changu, amekunywa chai yangu, amemsifia mke wangu kwa chai hiyo. Kisha akasema arobaini ni nyingi kwa mtu mmoja, na kwamba kazi zote alizonazo mjini amezipata kwa kufuata indiketa yangu, kwa hiyo itakuwa dhambi kula peke yake. Amemwomba Mama wa Sare tugawane. Ishirini vyake, ishirini vyangu. Mama wa Sare amekubali, kwa sharti kwamba Kicheko ndiye awe mbele yangu kwa cheo.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kukataa kwa hadhi. Mke wangu akasema tumekubali. Akampigia kaka yake hapohapo kumwambia aje achukue viatu vyake.

Kicheko akaomba jambo moja tu. Jumatatu, siku ya kwanza, nitangulie mimi, kwa sababu najua njia ya mkato ya kwenda kiwandani. Yeye atakuwa nyuma yangu na hataondoa macho kwenye indiketa zangu.

Amekwenda zake saa tano. Tangu hapo nimekaa naye kichwani, na sasa nimeona wazi kosa langu la wiki nzima. Nilikuwa namdanganya mno! Mtu ukimdanganya kila siku, mwishowe anazoea. Basi Jumatatu, kwenye makutano ya kwanza, nitawasha indiketa ya kulia na nitakwenda kulia kwelikweli. Hatategemea! Atakimbilia kushoto, na mpaka ashtuke, mimi nitakuwa nimeshaamkiana na Mama wa Sare peke yangu.

Betri iko kwenye chaji.