Kitabu Safi cha Bwana Kamaludin

Kwa niaba ya Kamati ya Utulivu wa Kina Mama na Wasichana, ambayo mimi ni mjumbe wake wa kike, natangaza kwamba tangu Januari hadi mwisho wa Julai mwaka huu wa 1996, hakuna mwanamke aliyepigwa, kuvutwa wala kusukumwa katika mtaa wetu wa kisiwani Mombasa. Tumekikagua kitabu cha kituo cha polisi ukurasa kwa ukurasa. Ni cheupe pepepe.

Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Chanzo cha tatizo kiligunduliwa na mwenyekiti wetu, Bwana Kamaludin, mkaguzi wa maduka. Alituita, akatupa chai na mahamri, akasema, "Mwaka jana kesi zilikuwa mia mbili na kumi. Zilitoka wapi? Zilitoka kitabuni. Kila kikifunguliwa, hupatikana mwanamke aliyepigwa."

Tukapiga makofi. Tangu siku hiyo kitabu hakifunguliwi mpaka mlalamishi atimize Utaratibu: alete barua ya aliyempiga, yenye sahihi yake, akikiri kwamba amempiga.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi la kituo niwashauri wanawake wasubiri. Wengine walisubiri hata majeraha yakapona. Hao Kamati iliwahesabu kuwa wametibiwa.

Jumatano moja akaja Kanze, msichana auzaye leso katika duka moja la Biashara Street. Mkono wa kulia umevimba kama mkate wa boflo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umeteleza?"

"Sikuteleza. Nimeteguliwa. Jana saa tisa mwanamume alikuja dukani, akafunga mlango, akasema anakagua. Nilipomwambia aniwache, akanipinda mkono. Nataka iandikwe."

Koplo Kenga, aliyekuwa zamu, akamtazama kwa huruma yote aliyoruhusiwa. "Barua unayo?"

"Barua gani?"

"Ya huyo aliyekupinda. Mistari miwili yatosha."

"Ni Bwana Kamaludin," akasema Kanze.

Koplo akashusha pumzi. "Afadhali. Basi ni jambo jepesi. Yuko ofisini hapo juu, na kuandika ajua."

"Na isipoandikwa?"

"Daktari hakujazii fomu. Bila fomu hakuna kesi."

"Na yeye amesema atakagua kila Jumanne."

Ikawa zamu yangu. Nikamwambia asubiri, kama nilivyoteuliwa kusema.

"Nisubiri nini, bibi? Auteguwe na wa pili?"

Nikamwambia aje kwetu Jumamosi, na mkono wake mzima.

Jumamosi ilikuwa harusi ya mjukuu wangu Jannat, kwetu Ndia Kuu, na kibali cha vugo tulishakipata. Vugo lajulikana: wanawake watupu, pembe mkono huu, kijiti mkono huu, twapita mitaani tukigonga na kuimba. Ndani ya vugo mtu husemwa, hatajwi. Naye aliyesemwa hunyamaza akapita zake, maana ajibuye ndiye aliyejitaja. Bwana Kamaludin kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hayo ayajua tangu ananyonya. Lakini cheo nacho kina usahaulifu wake.

Njia yetu, kwa mujibu wa kibali, ilipita chini ya dirisha la ofisi yake. Tukaipita mara tatu, ili tusikikiuke kibali. Kanze alikuwa katikati yetu, pembe ameishika kwa mkono mzima. Tuliimba:

*Mgeni wa saa tisa, mlango wafungiani?*
*Leso zipo kabatini, mkono wapindiani?*

Mara ya tatu dirisha likafunguka. Kisha mlango. Bwana Kamaludin akashuka ngazi mbio hadi kituoni, nasi nyuma yake, pembe zikilia.

"Fungua kitabu," akamwambia Koplo. "Hawa wanawake wamenivunjia heshima."

"Wamekutaja jina, bwana mkubwa?"

"Jina hawakulitaja. Lakini mgeni wa saa tisa ni mimi."

Koplo Kenga akapuliza vumbi, akafungua kitabu, akaandika polepole. "Mgeni wa saa tisa, ni mimi. Saa tisa ya lini?"

"Jumanne. Dukani, Biashara Street. Wewe andika."

"Naandika. Na mlango je?"

"Mlango nilifunga mwenyewe, kwa shughuli za ukaguzi. Hilo si kosa."

"Na mkono?"

"Niliupinda kidogo tu. Hawa waimba kama kwamba niliung'oa. Huo ni uzushi, na uandike kwamba ni uzushi."

"Kidogo tu," akarudia Koplo, akaandika. "Tia sahihi hapa, bwana mkubwa."

Akatia. Ilikuwa sahihi nzuri, ndefu, yenye mkia. Alipoinua kalamu ndipo akakisoma alichokitia sahihi.

Koplo akavuta fomu ya daktari kutoka kwenye saraka, akaijaza nambari ya kesi, akamkabidhi Kanze.

Bwana Kamaludin akanyosha mkono kukifunga kitabu. Mkono wa shoga yangu Sheikha ulikuwa umeshatangulia, na pembe yake ikalala juu ya ukurasa.

"Koplo, usikifunge, mwanangu," akasema. "Langu mimi ni la mwezi wa tatu."

Nyuma yake wanawake wakaanza kuweka pembe zao chini, mmoja mmoja, wakipanga foleni hadi nje. Koplo Kenga akalamba kidole, akafungua ukurasa wa pili.