Mama Mkwe Nyuma ya Makopo ya Nyanya

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, jibini ikining'inia kidevuni.

Kwa wasiojua mila zetu: kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaketi meza moja. Hawashikani mikono. Kuonana wakila ndiyo kabisa, usiseme. (Ndiyo, nafanya kazi benki na nina kadi ya kufungulia milango shingoni. Mila haijali.) Mama mkwe amekuja Johannesburg kumwona mjukuu, na analala mtaa wa Kensington kwa dada ya mke wangu, kwa kuwa kwangu hawezi kulala. Jumapili mtoto anabatizwa. Nekesa, mke wangu, alinionya mapema: "Baba Imani, ukimkosea mama heshima atarudi nyumbani kabla ya ubatizo. Namjua."

Basi nikajitahidi. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa jikoni.

Leo mchana Sipho, mwenzangu wa ofisini, akanipeleka kula kwenye duka moja la Waitaliano hapa Sandton. Mbele wanauza jibini, nyama za kukausha na vyakula vya makopo, nyuma kuna meza. Nikaagiza mkate wa moto wenye jibini. Nimeuma mara moja tu, jibini inavutika haikatiki, nainua macho. Nekesa anaingia mlangoni. Nyuma yake, kilemba cha kijani ninachokijua vizuri sana.

Kumeza siwezi, kutema siwezi. Mlango ni mmoja. Choo kiko nyuma ya kaunta, na kaunta ndipo wanapoelekea.

"Kuna nini?" Sipho akauliza.

"Mama mkwe," nikasema, mkate mdomoni.

"Eish. Si uende umsalimie?"

"Huelewi. Hatakiwi kuniona nikila."

Akafikiri kidogo. "Kwetu ni bibi harusi ndiye humkwepa baba mkwe," akasema, kisha akaendelea kula. (Msaada wake uliishia hapo.)

Nikabeba sahani yangu (ningeiacha ingekuwa ushahidi), nikainama, nikajipenyeza nyuma ya mnara wa makopo ya nyanya. Nikachungulia. Nekesa yuko kaunta peke yake. Mama hayupo. Hapo jasho likaanza kunitoka, maana nilipokuwa namwona angalau nilijua pa kukimbilia.

Nikaanza kurudi kinyumenyume, macho yakiwa kaunta. Polepole. Natulia, nasikiliza, narudi tena. Makalio yangu yakagonga makalio ya mtu.

"Samahani, mama," nikasema nikigeuka.

Alikuwa yeye. Kumbe aliniona akiwa kaunta anaonja zeituni, akakimbilia kujificha, na yeye pia alikuwa anarudi kinyumenyume. Mkononi ana kijiti chenye zeituni, shavu moja limejaa. Tukatazamana, midomo yetu yote imejaa chakula.

Akavuta leso akajifunika uso. Mimi sina leso. Nikajifunika kwa sahani, nikasahau kwamba mkate bado uko juu yake. Kiwiko changu kikagusa mnara, na makopo yote yakashuka.

Duka zima likageuka. Mwenye duka, bibi mmoja wa Kiitaliano mwenye huruma nyingi kupita kiasi, akadhani tumeumia. Akatushika mikono, huku na huku, akatuketisha meza moja. Akaleta sinia la nyama. "Mama na mwana," akasema, "pumzikeni, mle."

Tukaketi tumepeana migongo, jibini ikinitiririka kutoka kwenye paji la uso. Niliogopa kweli. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini mchungaji.

Nekesa akaja, akasimama katikati yetu. Mama akamnong'oneza kutoka ndani ya leso.

"Mama anasema hajakuona," Nekesa akaniambia, bila hata kutabasamu.

"Mwambie na mimi sijamwona."

Wakanong'onezana tena.

"Anasema Jumapili pia hatakuona. Atakaa kiti cha mbele kabisa, wewe kaa nyuma."

Nilitaka kulia kwa furaha. Ubatizo uko palepale.

Kwa hiyo leo hakuna kilichotokea, na nawaomba msicheke jambo ambalo halikutokea.