Semina Nihudhurie Mimi, Leseni Apewe Mke Wangu?

Jackton Okinyi,
Mtaa wa Ziwani,
Nairobi.

Kwa Katibu,
Kamati ya Pointi za Mafunzo ya Wauguzi.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: KUPEWA LESENI YA UUGUZI AMBAYO KWA HAKI NI YANGU

Natumaini u mzima na mtandao wa huko ofisini haukatikikatiki kama wa kwetu Ziwani. Mimi ni karani mstaafu wa reli, mume wa Sista Phelister Akech, muuguzi katika zahanati moja ndogo kule Mathare. Leseni yake inaisha mwisho wa mwezi huu, na ninyi mmesema haitahuishwa mpaka atimize pointi za semina zenu za mtandaoni. Imebaki semina moja tu. Kabla haijafika, nina malalamiko ambayo nimeyavumilia hadi yamenifika kooni.

1. Semina zenu huwa mchana, wakati Phelister yuko zahanati na foleni imefika barabarani. Kwa hivyo huniachia simu, na mimi huketi. Nimeketi tangu mlipoanzisha utaratibu huu. Nimeelewa presha ya wajawazito, nimeelewa chanjo, nimeelewa hata ile ya kunyonyesha, ambayo mwalimu alitutaka sote tujishike kifua. Nilijishika. Mwishowe cheti huja kwa jina la Phelister, pamoja na shukrani kwa "dada yetu mchangamfu". Mheshimiwa, mimi nina ndevu.

2. Kile kisanduku kinachojitokeza kwenye simu kila mara kuuliza kama mhudhuriaji bado yupo, asipobonyeza apoteze pointi, kimeninyima uhuru. Hata msalani naenda nacho. Kwenye mazishi ya jirani yetu Mzee Ndete, mchungaji akiwa katikati ya sala, nilichomoa simu nibonyeze "Nipo". Nikabonyeza mahali pasipofaa, na sauti ya mwalimu ikawatangazia waombolezaji kwamba mgonjwa asipojibu, mtikise bega kwa nguvu. Mjane hajanisalimia tangu siku hiyo.

3. Sasa tuje kwenye hatari kwa umma. Kanuni yenu iko wazi: aliyehudhuria anajua, asiyehudhuria hajui. Phelister hajahudhuria hata moja. Yeye kutwa anazalisha, anadunga sindano, anafunga vidonda na kuwafokea wanaume wasiomaliza dawa. Kisha hurudi miguu imevimba, akaniuliza walisema nini leo, na kabla sijafika penye utamu amelala na viatu. Huwa namvua polepole asiamke, na kusema kweli huwa namwonea huruma. Lakini kanuni ni kanuni. Ina maana wagonjwa wa Mathare wanatibiwa na mtu asiyejua lolote, ilhali mjuzi mwenyewe yuko Ziwani anamwagilia dania maji. Likitokea la kutokea, nani atalaumiwa?

4. Kwa hivyo naomba leseni iandikwe jina langu. Phelister anaweza kuendelea kwenda zahanati kama msaidizi wangu, maana ndiye anayejua vitu vimewekwa wapi. Mimi nitabaki nyumbani na simu, kuendeleza taaluma. Vijana wa mtaa wameshaanza kunisalimia "Niaje, daktari", kwa hiyo wananchi hawana pingamizi.

5. Nilipomdokezea Phelister haya, alicheka akasema kwa hesabu hiyo leseni ipewe simu, kwani siku ya semina ya usafi wa mikono nilisinzia kidole kikiwa kwenye kioo, na simu ikapata pointi zote bila msaada wangu. Nimelitafakari jambo hilo na sioni kosa lake. Basi ombi langu likigonga mwamba, simu isajiliwe. Haijawahi kukosa semina, na wagonjwa wataipigia.

Ili msikosee mtu, nimeambatisha nambari ya usajili ya Phelister, kitambulisho changu, na picha yangu nikihudhuria.

Wasalimie wanakamati wote, mwalimu wa kunyonyesha, na yule fundi anayeturudisha mtandao ukitutupa nje.

Wako katika masomo yasiyo na likizo,

Jackton Okinyi
(Muuguzi Mtarajiwa)

Baada ya sahihi: Barua hii ilichelewa kutumwa. Phelister aliikuta mezani, akaisoma hadi mwisho, akaikunja na kuirudisha pale pale. Siku ya semina ya mwisho aliomba ruhusa kazini, akaketi na simu mwenyewe. Nami nikaenda jikoni kukata mboga za sukuma wiki asije akasumbuka, kisu kikanipitia kwenye kidole gumba. Nilipoona damu, mimi niliyehitimu semina zote za vidonda, nilizirai. Nilipozinduka nilimkuta amepiga magoti sakafuni, amekibana kidole, miguu yangu ameiinua juu ya ndoo, ananiita Okinyi, Okinyi, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tuoane. Simu ilikuwa sebuleni ikiuliza kama Phelister bado yupo. Hakuna aliyebonyeza, na pointi zikapotea.

Mheshimiwa, yote ya hapo juu yafute. Ningeiandika barua upya, lakini kidole hakinikubalii. Naomba tu zile pointi za siku hiyo apewe, leseni yake isife. Kwenye simu hakuonekana, ni kweli, ila mimi nakuthibitishia kwamba alikuwepo.